Mjusi Kafiri Naye Huona Kiu

Katika mitaa ya Eastlands hakuna nyumba isiyokuwa na mpangaji asiyelipa kodi. Ukiwasha taa saa moja jioni pale Dandora, iwe ni Phase One au Phase Five, utamwona amejibandika ukutani karibu na balbu, kichwa chini miguu juu, akingoja mbu na nondo wajilete wenyewe. Huyo ndiye mjusi kafiri. Watu wengi humpita kama wanavyoupita msumari uliogongwa ukutani, na wengine humrukia na ufagio. Ni wachache waliokwisha kujiuliza swali dogo: je, mnyama huyu hunywa nini?

Huenda swali hilo likamchekesha msomaji. Katika mtaa ambao binadamu mwenyewe hupanga foleni na mtungi wa lita 20 siku ya mgao, nani ana nafasi ya kufikiria kiu ya mjusi? Lakini mimi nimekaa Dandora miaka mingi, na nimeona kwamba swali la maji ya mjusi, ukilifuata hadi mwisho wake, hukurudisha kwenye mtungi na vikombe vyako mwenyewe. Ndiyo sababu nimeonelea tulizungumze leo bila haya.

KWA NINI AITWE KAFIRI

Jina lake halikuanzia Nairobi. Lilipanda bara kutoka pwani pamoja na lugha yenyewe. Katika masimulizi ya Kiislamu husemwa kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, wanyama walijaribu kuuzima moto ule, lakini mjusi huyu akaupuliza uzidi kuwaka. Wazee wa pwani hueleza kwamba hapo ndipo alipopatia ukafiri wake.

Si Waswahili peke yao waliomtwika lawama. Huko Afrika Kusini, Wazulu husimulia kwamba Muumba alimtuma kinyonga kuwaambia watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akajikokota njiani, na mjusi aliyetumwa nyuma yake akafika kwanza na habari za kifo. Basi kila mahali mjusi ni mleta mabaya.

Hata hapa kwetu wako wanaoamini kwamba mjusi akianguka katika chakula, chakula hicho kimekuwa sumu. Ukweli ni kwamba mjusi wa ukutani hana sumu yoyote. Lakini chakula hicho hakifai kuliwa kwa sababu nyingine: mijusi wengi hubeba matumboni mwao vijidudu vya salmonela, ambavyo kwao havina neno, ila binadamu akivila huharisha na kupata homa. Jambo hilo tuliweke akilini, maana tutarudi kwalo.

ANAVYOKUNYWA

Mjusi wa nyumbani, ambaye wataalamu humwita Hemidactylus mabouia, ni kiumbe mdogo. Uzito wake haufiki gramu 10. Mwili wake umeumbwa kubana maji kama bahili anavyobana senti. Hatoki jasho. Ngozi yake ni kavu na ina magamba madogo madogo. Wala hakojoi kama tukojoavyo sisi. Ile ncha nyeupe kama chokaa unayoiona kwenye kinyesi cha mjusi juu ya kabati, hiyo ndiyo mkojo wake, umekaushwa kabla haujatoka ili maji yabaki mwilini. Tena sehemu kubwa ya maji yake huyapata ndani ya wadudu anaowala.

Hata hivyo kiu humpata, hasa miezi ya kiangazi. Hapo hutumia ulimi wake, ule ule anaosafishia macho, kwani hana kope za kupepesa. Porini hulamba umande majanini na matone ya mvua kwenye magome ya miti. Nyumbani hulamba jasho la ukuta wakati sufuria ya githeri inapotokota, au tone linaloning'inia chini ya bomba la bafuni. Ukimwekea kisahani cha maji yaliyotulia, mara nyingi hukipita asijue kwamba ni maji. Anachokitambua ni tone: kitu kidogo, cha mviringo, kinachometameta mbele ya macho yake.

Asiyelijua jambo hilo anaweza kumuua mjusi kwa kiu huku maji yako mbele yake. Nimeliona kwa macho yangu.

MTOTO NA MTUNGI WA MAFUTA

Katika ploti yetu kuna mtoto wa gredi ya tano anayependa wanyama. Likizo moja ya Agosti alinijia akiwa amekumbatia mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, ambao alikuwa ameukata tundu ubavuni na kulifunika kwa kipande cha neti ya mbu. Ndani yake mlikuwa na mjusi mmoja.

"Guka, huyu hataki maji," aliniambia, kwani ndivyo watoto wa hapa wanavyotuita wazee. "Nimemwekea siku tatu na hajagusa. Mwenzake alikufa jana."

Nikautazama mtungi. Maji yalikuwa katika kifuniko cha chupa ya soda, yamefanya utando wa vumbi, na nzi mmoja alikuwa amezama humo. Mjusi mwenyewe alikuwa ameingia macho, ngozi ya mbavuni imekunjamana, na vidoleni alikuwa na vipande vya ngozi ya zamani iliyokataa kutoka. Hizo zote ni dalili za mjusi aliyekaukiwa.

"Maji haya uliyatoa wapi, kijana wangu?"

"Kwa ile ndoo ya kusuuzia vyombo, Guka."

"Basi sikiliza. Huyu hajayakataa maji. Hajayaona. Na afadhali hakuyaona haya."

Nilimtuma akanawe mikono kwa sabuni, kisha aniletee kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nikamwonyesha jinsi ya kutumia kijiko safi kudondoshea matone machache kwenye upande wa ndani wa mtungi, tukakaa mbali kidogo. Zikapita dakika kadhaa. Halafu mjusi akainua kichwa, akasogea hatua mbili, akatoa ulimi na kulamba. Tone la kwanza likaisha, likafuata la pili, na la tatu. Mtoto yule, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa kimya kabisa.

Mama yake alikuja wakati huo, amembeba mdogo wake wa miaka miwili. Yeye hakuwa na furaha.

"Guka, mjusi kunywa ni sawa," akasema. "Lakini huyu mdogo huingiza mkono humo kila nikigeuka, kisha anautia mdomoni. Si atapata ugonjwa?"

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko la mwanawe. Nilimwambia kwamba ana haki ya kuogopa. Huko Marekani, mwaka 1975, serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wa maji, wale ambao gamba lao halifiki inchi 4, kwa sababu watoto waliokuwa wakiwachezea walikuwa wakiambukizwa salmonela. Hadi leo waganga wa huko hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge wanyama wa jamii ya mijusi, nyoka na kobe. Kijidudu hakiulizi kama mtoto ni wa Chicago au wa Dandora.

Pale ndipo nilipoona kwamba hatuwezi kuzungumza juu ya maji ya mjusi bila kuzungumza juu ya maji ya nyumba nzima.

DANDORA ILIANZA NA MAJI

Vijana wengi wa leo hawajui kwamba mtaa huu ulianza na maji kabla ya kuanza na kuta. Mwaka 1975 mipango ilikamilishwa ya kugawa ploti 6,000 hapa Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwenye ploti hakukabidhiwa nyumba iliyokwisha. Alipewa kipande cha ardhi chenye choo, bafu, bomba la maji safi na bomba la kuchukua maji machafu, kisha ikawa juu yake kujenga vyumba kadiri ya uwezo wake. Fikira iliyokuwapo ilikuwa ya busara: maskini anaweza kujiinulia ukuta polepole, lakini hawezi kujivutia bomba kutoka mtoni.

Miaka ikapita, watu wakazidi. Mahali palipokuwa na vyumba vichache pakainuka maghorofa, na bomba lililokusudiwa jamaa moja na wapangaji wake wawili watatu likawa linangojewa na milango mingi. Mwaka 1994 bwawa la Ndakaini lilikamilika huko Gatanga, Murang'a, na hadi leo ndilo linaloleta sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Maji hayo husafishwa Ngethu na kutiwa klorini kabla ya kuingia mjini. Yakitoka pale ni maji mazuri. Taabu ni kwamba hayatufikii kila siku. Kuna siku za mgao na siku za ukame, na siku za ukame mtu wa mkokoteni ndiye mfalme.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mtaa ulipata jirani mwingine. Machimbo ya mawe yaliyoachwa yakageuzwa kuwa jaa la taka za jiji zima. Mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa, lakini magari ya taka yaliendelea kuja. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri hapa hapa Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu jaa hilo. Watoto 328 walikuwa wamepimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi damuni, kiasi cha mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita, kiwango ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa ni cha hatari. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

KATI YA BOMBA NA ULIMI

Watu wengi hudhani kwamba maji ni ya aina mbili tu: safi na machafu, kama vile sukari na chumvi. La, hasha. Maji husafiri, na katika safari yake huokota kila anachokutana nacho.

Yanapotoka Ngethu yana klorini ya kuyalinda. Lakini bomba likikauka siku ya ukame, linakuwa kama mrija mtupu: penye ufa hunyonya unyevu wa udongoni, na kama karibu yake panapita maji machafu, hunyonya hayo pia. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao hutoka na rangi ya chai. Kisha hutiwa katika mtungi ambao jana ulibeba kitu kingine. Mtungi ukifika nyumbani, hufunguliwa na mikono mingi. Kila mkono una historia yake.

Wazee wa zamani walilijua jambo hili bila kuona kijidudu hata kimoja. Kule pwani maji ya kunywa yalitekwa kwa kata, yaani kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, ili mkono usiguse maji. Miaka ya mwanzo ya 2000, huko Homa Bay, wafinyanzi walitengeneza vyungu vya udongo vyenye mdomo mwembamba na koki chini, ili akina mama wapate maji baridi ya chungu bila mtu kutumbukiza kikombe. Kata na koki ni ndugu. Vyote viwili vinasema neno moja: usalama wa maji hupotea hapa karibu nasi, baada ya safari ndefu kwisha.

Sasa mtazame mjusi. Yeye yuko mwisho kabisa wa safari hiyo. Tone analolilamba limekwisha kulala juu ya ukuta. Hivyo yeye hanywi maji peke yake, bali hunywa maji pamoja na ukuta. Kama ukuta una vumbi lililopeperushwa kutoka jaani, amelinywa. Kama ulipulizwa dawa ya mende jana usiku, ameinywa. Kama una rangi ya zamani inayobambuka, yenye risasi ndani yake, ameinywa hiyo pia, na mwili wa gramu chache hauhitaji sumu nyingi.

Na mtoto anayejifunza kutambaa je? Yeye naye huulamba ukuta kwa njia yake. Huupapasa, kisha hutia vidole mdomoni. Mjusi na mtoto mchanga wa Dandora hunywa katika kikombe kimoja, na kikombe hicho ni ukuta wa chumba.

UKIMFUNGA, WEWE NDIWE MVUA YAKE

Ufugaji wa mijusi haukuanza na mtoto wa ploti yetu. Huko Ulaya na Marekani ni biashara kubwa, na baadhi ya mijusi hao walitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Aliyepata sifa mbaya kuliko wote anatoka Tanzania. Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, uko msitu mdogo uitwao Kimboza. Humo anaishi mjusi kafiri mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa, na jina lake la kitaalamu ni Lygodactylus williamsi. Makazi yake ni mti wa jamii ya mkadi uitwao Pandanus rabaiensis, ambao jina lake linatokana na Rabai yetu ya Kilifi. Majani ya mti huo ni marefu kama panga na yamepangana kwa namna ambayo mvua ikinyesha, maji hukaa mashinani mwa majani. Mjusi huyo ana nyumba na kisima mahali pamoja.

Wafanyabiashara walipomgundua, walimwandama. Wataalamu walikadiria kwamba kati ya mwaka 2004 na 2009, kundi moja tu la wawindaji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000 kutoka msituni humo. Wengine walikata miti ili kuwafikia. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, mjusi huyo aliwekwa katika daraja la juu la ulinzi, na biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa msituni ikakatazwa.

Nasimulia haya kwa sababu kuna funzo ndani yake. Mnunuzi wa Ujerumani aliyempokea mjusi wa Kimboza ilimpasa anunue chupa ya kupulizia maji, aipulize asubuhi na jioni, apime unyevu wa sanduku na achague maji yasiyo na klorini. Kazi yote hiyo ilikuwa ni kuiga kile ambacho jani la mkadi lilikuwa likifanya bure. Anayemfunga mjusi, awe ni Mjerumani mwenye sanduku la kioo au mtoto wa Dandora mwenye mtungi wa mafuta, amejichukulia kazi ya mvua. Na mvua haina likizo.

MASHARTI YA ANAYETOA MAJI

Kwa wale ambao watoto wao wamekwisha kumleta mjusi nyumbani, au ambao wanataka tu kumsaidia yule wa ukutani wakati wa kiangazi, haya ndiyo niliyomweleza kijana wangu.

Kwanza, mpe maji yale unayoyanywa wewe, yaliyochemshwa na kupozwa katika chombo chenye kifuniko. Kama ni ya bomba na yananuka klorini, yaweke usiku kucha katika chombo chenye mdomo mpana, umefunika kwa kitambaa safi, na harufu itapungua sana. Lakini ujue kwamba moto huua vijidudu tu. Hauondoi risasi wala floraidi. Visima vingi vilivyochimbwa Nairobi vina floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanayoharibu meno ya mtoto usimpe mjusi, na kwanza kabisa usimpe mtoto. Ukikinga ya mvua kwenye mabati, acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la paa, kisha ndipo ukinge.

Pili, mpe kwa matone. Wakati mzuri ni jioni, anapoamka kwenda kuwinda. Dondoshea au nyunyizia kwenye jani lililooshwa au mahali ulipopangusa kwa kitambaa safi. Matone machache yanatosha, na mahali pawe pamekauka ifikapo asubuhi. Unyevu wa mchana kutwa katika chombo kisichopitisha hewa huleta ukungu na magonjwa ya ngozi.

Tatu, ukiweka kisahani, kiwe kifupi kama kifuniko cha chupa, na utie changarawe safi ndani yake, maana mjusi mchanga huweza kuzama katika maji ya kina cha kidole. Maji yabadilishwe kila siku. Yakilala siku kadhaa katika chombo kikubwa, utakuwa umewafugia mbu badala ya mjusi.

Nne, chombo kisiwe kilichowahi kubeba rangi, mafuta ya taa, dawa ya wadudu wala asidi ya betri, hata kama kimeoshwa mara kumi. Nimeona mitungi ya namna hiyo ikiuzwa karibu na jaa kwa bei nafuu, na kuna watu wanaoichotea maji ya kunywa.

Tano, kisahani cha mjusi kisioshwe pamoja na vikombe vya watu, na kila anayemshika au kugusa chombo chake anawe kwa sabuni mara moja. Mtoto wa chini ya miaka 5 atazame kwa macho tu.

KUFUGA BILA KUFUNGA

Liko jambo la sheria pia. Mjusi wa ukutani, ingawa analala chumbani mwetu, ni mnyama wa porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 humtaka anayefuga mnyama wa porini awe na kibali. Sidhani kwamba askari wa wanyamapori atapanda ngazi za Phase Two kutafuta mtungi wa mafuta, lakini ni vizuri mtoto ajue mapema kwamba nchi imeweka mpaka, na kwamba mpaka huo unamhusu hata mjusi asiye na bei.

Mtoto wa ploti yetu aliyasikiliza yote hayo, akamnywesha mjusi wake siku nne mfululizo hadi macho yakarudi mahali pake na ngozi ya vidoleni ikatoka. Siku ya tano, bila kuamriwa na mtu, aliweka mtungi chini ya taa ya ngazi na kuondoa neti. Mjusi alikaa kitambo, akatoka, akapanda ukuta. Tangu hapo mtoto huyo amepanda maua katika kopo la maziwa pale kwenye ngazi, na jioni huyanyunyizia maji safi. Vikundi vya vijana vya hapa, miongoni mwavyo Dandora Transformation League, vimekuwa vikisafisha nyua na kupanda miti na maua kwa ajili ya watu, na bila shaka kila jani linalopandwa ni kisima cha mjusi. Jirani zetu walioona kopo lile la ngazini wameweka ya kwao, na mama yake amenunua ndoo yenye koki.

Tukumbuke basi tofauti moja. Bomba likikauka wiki nzima, mjusi ana njia za kujiokoa: ana mbu wake wenye maji, ana mkojo wake mkavu, ana umande wa alfajiri. Mtoto wetu hana hata kimoja cha hivyo. Yeye ana mtungi tu, na mkono wa mtu mzima unaouchotea. Anayejishughulisha kumwekea mjusi tone safi jioni amekwisha kuchemsha maji, amefunika chombo, amenawa mikono na amepangusa ukuta, na yote hayo yamemfaa mtoto wake kabla hayajamfaa mjusi.